Pindo Lililoshonwa kwa Mkono

Sogezeni benchi karibu na kitanda, wanangu, mkae wote wawili upande mmoja nisihangaike kugeuza shingo, na wewe binti yangu ilaze hiyo simu kifudifudi, maana leo nataka kusema na watu walio hapa, si na watu wanaosubiri mlio. Pumzi ninayo ya saa moja, labda na nusu. Daktari aliyekuja asubuhi ni mtu mwenye adabu, aliwaambia nyinyi pale mlangoni mambo ambayo hakuniambia mimi, lakini ukuta huu niliujenga mwenyewe na najua unavyopitisha maneno. Kwa hiyo tusifichane. Leo ni Alhamisi, saa nane imeshapita, na ikifika saa kumi watu wangu wa kikundi cha mikopo watakuja kukaa kwenye chumba cha pasi kama walivyokaa kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mbili. Nataka haya yaishe kabla hawajafika, kwa sababu mengine yanawahusu wao, na moja linakuhusu wewe binti yangu kuliko mtu yeyote.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, na hati yake imo kwenye begi la bluu chini ya kitanda hiki, pamoja na risiti za mabati ambazo sijui kwa nini nimezitunza. Pasi mbili za umeme achukue binti. Ile ya mkaa, yenye jogoo kwenye kifuniko, nakuachia wewe mwanangu wa kiume, si kwa sababu utaitumia, maana hujawahi kunyoosha hata leso yako mwenyewe, bali kwa sababu ndiyo iliyokulipia ada mpaka ukawa fundi wa majokofu anayeitwa na mahoteli, na sitaki siku moja uwaambie watoto wako kwamba ulijisomesha. Chumba cha pasi najua umeshakipima. Nilikusikia juzi na mwenzako mkivuta futi kamba ukutani, mkinong'onezana kodi ya duka la vipuri, mkidhani nimelala. Sijakasirika, baba. Chumba kinachotazama barabara kina thamani yake. Kipangishe, lakini mpangaji ajue tangu siku ya kwanza kwamba Alhamisi alasiri anafunga duka na kutandika mabenchi. Alhamisi si yako wala si yangu. Niliitoa zamani, na sasa nitawaeleza niliitoa kwa nini, kisha nikaiharibu kwa mkono wangu.

Kazi yangu mmeikulia, lakini sijui kama mliwahi kujua ilinifundisha nini. Anayepiga pasi nguo za mtaa mzima huwasoma watu bila kuwauliza. Shati la karani likija na kola iliyogeuzwa, nilijua mshahara umechelewa. Suruali ya dereva ikija imeongezwa kiunoni, nilijua mambo yamemnyookea. Nguo za mtoto zikiacha kuja, nilijua amepelekwa kwa bibi yake, na sikuuliza, niliongeza tu kuwa mpole na mama yake. Kikundi chetu kilianza hivyo, wanawake wanne na yule mzee fundi saa, tumekalia magunia ya mkaa, kila mmoja na sarafu zake kwenye fundo la kitambaa. Sanduku hatukuwa nalo. Tulikuwa na sharti moja, na sharti hilo tuliliita kunywa maji. Mtu akiomba mkopo, wawili wetu wanakwenda kwake bila taarifa, wanaomba maji, wanakaa, wanayanywa polepole. Basi. Hakuna fomu. Glasi ikiisha umeshaona jiko kama limewaka leo, umeshaona mume anavyoitika, umeshaona watoto wakiingia kama wanakimbia au wananyata. Ukirudi unasema apewe, au unasema asubiri, au unasema huyu, mkopo utammaliza, anachotaka ni mtu wa kukaa naye.

Msidhani nayasifia macho ya watu. Yana ubaya wake. Muuza mkaa tulimnyima mkopo miaka minne kwa sababu haamkii watu, tukasema ana maringo, na tulipokwenda kunywa maji kwake tulikuwa tumeshamkataa njiani. Na wewe mwanangu, ulipoomba fedha ya pikipiki, ukanyimwa, ukaapa kwamba fundi saa ndiye aliyekuchongea, na tangu siku hiyo huu ni mwaka wa sita unampita dukani kwake kama unapita nguzo ya umeme. Sasa sikia. Fundi saa alikuja kwako, akanywa maji, akarudi akasema mpeni kijana, ana mikono ya kazi. Aliyesema hapana ni mimi. Nilikuwa nimeona risiti za kamari kwenye mifuko ya suruali zako, saba kwa wiki moja, nikizinyoosha kwa pasi nisije nikaziunguza. Nilisema asipewe, na nilisema asiambiwe ni nani amekataa. Mzee wa watu akabeba lawama yangu bila kunung'unika, na mara kwa mara ananiuliza, kijana anaendeleaje. Usinitazame hivyo. Chuki uliyonayo ni yangu, nirudishie mimi, na yeye kamwamkie leo hii akiingia. Humwombi chochote. Sema tu shikamoo, uone atakavyoitika.

Nakuja kwako, mama yangu. Siku uliyokuja na ile simu ya kikundi, umevaa shati la kampuni yenu ya mikopo nililolinyoosha mara mbili kwa kujivuna, watu wangu walikutazama kama bibi harusi. Ulieleza vizuri. Kila mwanachama ana namba yake ya siri, mwenzao akiomba mkopo kila mmoja anaingiza namba yake kwamba amekubali kumdhamini, fedha inaingia siku hiyo hiyo, anayelipa vizuri anapanda ngazi, jina lake linakuwa la kijani. Ulipotoka tu, muuza mkaa akauliza, huyu aliyeletwa tumwiteje, na mwuguzi, mwanachama mwenzetu, akajibu, si kaletwa nyumbani na binti wa mwenyekiti, basi ni mkwe. Hukuwahi kujua hilo. Miaka mitatu tunaiita Mkwe. Mkwe amesemaje leo. Mkwe kanuna, mtandao umekatika. Nami nilikuwa nacheka kuliko wote, huku moyoni nikisema, mkwe wa kweli naye angeleta miguu yake hapa.

Na Mkwe ana wema wake, nisimdhulumu. Hana umbea. Alimpa muuza mkaa mkopo wiki ya kwanza, hakuuliza anaamkia watu au haamkii, na yule mama amelipa mpaka senti ya mwisho, ana mizani mbili sasa, na sisi tuliobaki tumetazama chini kwa aibu. Tulipoona hivyo tukalegea. Tukasema, kama Mkwe anaona kuliko sisi, ya nini kuchosha miguu kwenda kunywa maji ya watu. Hakuna aliyelifuta lile sharti. Lilikufa lenyewe, kwa kukosa wa kwenda.

Kisha wewe ukaanza kuja na uso uliokunjamana. Nikakuuliza, ukaniambia ofisini mnapimwa kwa siku. Mkopo ukiombwa Alhamisi, sahihi zote kumi na tatu, yaani zile namba za siri, zipatikane kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo kikundi kinashuka na afisa wake anashuka nacho. Na watu wangu unawajua. Mmoja miwani imevunjika, mwingine amesahau namba, mwingine yuko zamu ya hospitali, fundi saa anaingiza mwaka aliozaliwa mke wake na kila mara anaukosea. Nilikuhurumia. Nikawaambia, jamani, namba zenu nipeni mimi, nitawabonyezea. Na hapa ndipo kosa letu lilipo, wanangu, kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu kama sisi tu. Watu wasioaminiana wasingelifanya. Walinitajia namba zao kwa sauti, mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine, kama wanaonitajia majina ya watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyesita. Nikaziandika kwenye daftari dogo lenye jalada jekundu.

Tangu hapo kikundi chetu kikawa malaika. Sahihi kumi na tatu kwa robo saa. Mkwe akatusifia kwa umoja wetu, kampuni ikakupa cheti, ukakileta hapa kimefungwa kwenye kioo, kaka yako akakipigilia msumari juu ya meza ya pasi. Ukapandishwa, ukawa mkuu wa maafisa wa eneo. Nami nilikuwa nakaa chini ya cheti kile, nabonyeza. Umoja ule, mwanangu, ulikuwa kidole gumba cha mwanamke mmoja.

Nipe maji kidogo. Hapana, kijiko kinatosha.

Sasa lililo zito. Mnamjua Bi Sindano, mshonaji wetu, aliyewashonea sare za shule nyote wawili na kuwaachia pindo nene ili zikue pamoja nanyi. Mwaka juzi alikopa akanunua cherehani ya pili, akapata kazi kubwa ya kushona sare za shule moja ya binafsi, mia mbili na kitu. Akashona, akapeleka, hakulipwa. Kila akienda anaambiwa mhasibu hayupo. Hakumwambia mtu. Alilipa rejesho lake kila wiki, tena siku moja kabla, na Mkwe akamwona ni wa kijani kibichi, akampandisha ngazi, akamletea ujumbe kwamba sasa anastahili mkopo mkubwa mara mbili. Akauomba. Sisi tulijua anapanua kazi.

Wiki hiyohiyo alileta gauni lake nimpigie pasi. Lilikuwa la kahawia, la kwendea msibani. Nikalilaza mezani, nikalinyunyizia maji, nikafika kwenye pindo, na pasi ikasimama mkononi mwangu. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono. Mishono yake ilikuwa safi, imelingana, ni mkono wa fundi, lakini ni mkono. Mwanamke mwenye cherehani mbili ndani amekaa akapiga pindo la gauni lake kwa sindano na uzi. Nililiona. Sikilizeni ninavyosema, sitaki mje kunitetea nikiwa kaburini. Nililiona na nikalielewa. Na pembeni ya lile gauni ilikuwepo simu ya kikundi, inasubiri sahihi kumi na tatu za mkopo wake, na saa ilikuwa tano na nusu, Ijumaa. Nikajisemea, labda cherehani imeharibika. Nikajisemea, nitamuuliza Alhamisi. Nikafungua daftari jekundu, nikabonyeza kumi na tatu zote, nikamaliza na gauni, nikalikunja, nikamwekea karatasi katikati lisishike mikunjo.

Alhamisi hakuja. Wala iliyofuata. Mkwe hakugundua, maana fedha ilikuwa inaingia, na mimi nilijipa moyo kwa ile rangi ya kijani. Nilikwenda kwake? Ni mwendo wa dakika nane. Sikwenda.

Miezi miwili iliyopita nilipoanguka, mtu wa kwanza kuja kunifulia mashuka ni yeye. Akanigeuza, akanifuta mgongo, na mikono yake ilipopita shingoni ilinikwaruza. Mikono ya mshonaji, mnajua, ni laini, kitambaa hakitaki mkono mkavu. Nikaishika nikaitazama. Imepasuka kwa sabuni. Nikamwambia, nipeleke kwako nikanywe maji. Akacheka, akasema, dada, wewe hata chooni unashikwa mkono. Nikamwambia, basi niletee maji ya kwako hapa, nitajua. Ndipo akakaa pale ulipokaa wewe, mwanangu, akaniambia yote. Cherehani ya pili iliondoka kulipa mkopo wa kwanza. Mkopo wa pili ulikwenda kufunika madeni ya simu nyingine, zile zinazotuma fedha hata hujamaliza kuomba. Cherehani ya kwanza, ile ya miguu aliyoachiwa na mama yake, iliondoka mwezi uleule wa gauni. Anafua nguo za watu kwenye magorofa, nyumba tano kwa wiki, ndiyo kazi inayolipa rejesho. Nikamuuliza, kwa nini hukusema. Akanijibu neno moja ambalo ndilo lililonilaza kitandani kuliko ugonjwa.

"Mlikubali wote kumi na watatu, dada. Nikasema, watu wangu wananiona hivi nilivyo na wameniamini. Nitaanzaje kuwaambia nimeanguka?"

Alidhani tulimtazama. Hakuna aliyemtazama. Fundi saa hakujua kama ameombwa, mwuguzi hakujua, muuza mkaa hakujua. Alikuwa anaua mikono yake ili asiwaangushe watu kumi na watatu, na watu wenyewe walikuwa daftari.

Binti yangu, usilie kwanza, nisikilize, pumzi inapungua. Siku ile ya kwanza ulitueleza kipengele ambacho wengine walikisahau, mimi sikukisahau. Mkopo unaweza kupumzishwa miezi mitatu bila faini, na kupangwa upya, wanachama wote wakikaa pamoja, aliyekwama akaeleza mwenyewe, na kila mmoja akaingiza namba yake kwa mkono wake mbele ya afisa. Ulisema hakuna kikundi chako kilichowahi kukihitaji, na ulisema kwa fahari. Leo chako cha kwanza kitakihitaji, na ni cha mama yako. Najua maana yake. Utaandika sababu, na sababu ya kweli ni kwamba sahihi zote tangu lile daftari zimetoka kwenye kidole kimoja, na kidole ni cha mwenyekiti, na mwenyekiti ni mzazi wako. Kile cheti kitashuka. Pengine na cheo nacho. Ningeweza kunyamaza nikaenda nalo, na wewe ukabaki na kioo chako ukutani. Nimelala nikiliwaza hilo wiki tatu. Halafu namkumbuka Bi Sindano akinigeuza kwa mikono ile, nashindwa.

Nilikubonyezea ili upumue, mwanangu. Nilidhani nakupenda. Sikukuachia ujue kazi yako mwenyewe ikoje. Waambie ofisini hivyo hivyo, waambie mama yangu alitaka nionekane mzuri. Na waambie na hili, kama wana masikio, kwamba Mkwe anajua aliyelipa, hajui amelipa na nini. Hayo ya pili yanahitaji mtu mwenye muda wa kumaliza glasi moja.

Mwanangu wa kiume, nenda kwenye meza ya pasi, inua blanketi upande wa dirishani, utakuta daftari. Lete. Ahaa. Mpe dada yako. Usilichome, mama. Ni kurasa kumi na tatu, kila ukurasa una mwenyewe. Leo wakikaa, kata ukurasa mmoja mmoja, mpe mwenyewe mkononi, na kila mmoja abadilishe namba yake hapo hapo, hata ikichukua mpaka jioni, hata fundi saa akikosea mara tano. Msaidieni kwa kusubiri, msimsaidie kwa kumbonyezea.

Hisa zangu kwenye kikundi, wanangu, msizigawane. Zinatosha cherehani moja ya miguu, na bei nimeuliza. Si sadaka na msiipeleke kwa uso wa sadaka. Semeni ni deni la mama, la macho yaliyoona yakanyamaza. Akikataa, mwambieni nilisema nguo zenu za kunizika ashone yeye, na hashoni kwa mkono.

Mwenyekiti watamchagua wao. Asiwe mmoja wenu. Lakini mkiombwa kwenda kunywa maji kwa mtu, nendeni. Wawili. Mmoja anayempenda na mmoja asiyempenda sana, hapo nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza. Nendeni na akili zenu tupu.

Fungueni dirisha hilo. Nasikia mabenchi. Wameanza kufika. Hicho ni kikohozi cha fundi saa... amka, baba, nenda kampokee. Shikamoo tu. Imetosha.

Nimewazaa wawili na sijawahi kuwabariki kwa mdomo, niliwanyooshea nguo nikaona inatosha. Haya. Mikono yenu isikauke. Mkianguka, aonekane wa kuwaona. Watoto wenu wawaulize mambo, na muwe na muda wa kuwajibu. Mwenyezi Mungu awakunjulie... kila palipokunjamana. Hapo nimemaliza, zaidi sina.

Binti... nani huyo amesimama mlangoni na ndoo? Ni yeye. Nilimwomba aje leo, hajui kwa nini. Mtue ndoo. Mpe kiti changu, kile chenye mto. Mletee maji, glasi ya kioo, si kikombe. Na usimuulize chochote kwanza, mama... kaa naye tu. Acha anywe mpaka yaishe.